Mtaalamu wa Ruiru na Seva ya Pili

Sifa njema ni za Mola anayemjua kila aitwaye, popote alipo, kwa jina lake na kwa lile ambalo hajapewa bado. Namshukuru kwa macho yaliyobaki, kwa mkono ambao bado unashika kalamu, na kwa subira aliyonijaalia, ingawa nimechelewa kujua itumike wapi na isitumike wapi. Baada ya kumsifu Yeye, nitasimulia habari za mtu mmoja ambaye nimemdharau kwa miaka mingi, na sidhani kwamba nimemaliza.

Tulimwita Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa ofisi yake. Ofisi ilikuwa Ruiru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo mtu aliyepanda ngazi kwenda kutafuta elimu ya kisasa alifika juu akinuka dawa ya kupe. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, shati limechomekwa vizuri, na katika mfuko wa shati, mahali ambapo watu wengine huweka kalamu, yeye aliweka bisibisi. Alipofikiri aligonga meno kwa bisibisi hiyo. Aligonga sana. Sikuona mara nyingi kitu kilichotokana na kugonga huko.

Hakusalimia. Ukiingia alikuonyesha kidole kimoja bila kugeuka, akasema, "Nipe dakika," nawe ukakaa kwenye kreti ya soda mpaka dakika hiyo iishe. Nimemwona mchungaji wa kanisa akisubiri pale tangu asubuhi, kofia mapajani. Nami mwenyewe, mtu mwenye ndevu nyeupe, karani mstaafu wa stoo ya kiwanda cha nguo na mwalimu wa madrasa mjini Thika, nimekalia kreti ile nikimsikiliza anavyojibu simu za watu.

"Haielezeki hivyo tu," alikuwa akisema. "Hii ni kitu deep. Wewe niachie."

Na watu walimwachia. Hilo ndilo jambo ninalojiuliza mpaka leo. Ilikuwa miaka ya tisini, inakaribia mwisho, na barua pepe ilikuwa imeingia mjini kama mgeni kutoka mbali: kila mtu alitaka kuonekana amekaa naye, hakuna aliyejua anakula nini. Mtu mmoja akisema anajua, alikuwa bosi.

Alichotaka Mtaalamu kilikuwa hiki. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Kwa hiyo lazima kuwe na mashine inayoulizwa, "Fulani yuko wapi?" nayo ijibu kwa namba, kama mzee wa mtaa anayejua nyumba ya kila mtu. Mashine hiyo inaitwa seva ya majina. Kila jina lina mwisho wake, lile neno linalokaa baada ya nukta ya mwisho, na miisho hiyo ilikuwa michache, imepangwa na watu wa mbali ambao dunia ilikubali kuwauliza. Mtaalamu hakukubali. Alikuwa amegundua kwamba huko ng'ambo wako watu waliochoka kuomba ruhusa, wakajitengenezea miisho yao na seva zao za kuijua. Akaandikiana nao, wakampa mwisho wake mwenyewe: nukta bara.

"Watu wa pwani wana bahari," aliniambia. "Sisi tutakuwa na bara. Yetu. Hakuna mzungu wa kuuliza."

"Na dunia itaijuaje?"

"Mzee, dunia itatufuata."

Hilo lilikuwa neno lake la kila siku. Alilisema umeme ulipokatika, alilisema mashine ilipoungua, na siku moja alimwambia mama mwenye nyumba, aliyepanda kulalamika kwamba waya wake umepita juu ya kamba ya kuanikia nguo.

"Dunia itatufuata, mama."

"Ikufuate," yule mama akajibu, "lakini waya utoe kwa nguo zangu."

Waya haukutolewa. Kwa mwaka mzima mashuka ya mama yule yalikuwa na mstari mweusi katikati.

Nitasema na mema yake, kwa sababu dhuluma si tabia ya mtu anayeswali. Kipaza sauti cha msikiti wetu kilipoharibika alikuja Thika, akakaa chini juu ya gazeti, akakitengeneza saa tatu nzima, na alipopewa bahasha aliirudisha. Kila Jumapili alikwenda Theta kwa mama yake kumchotea maji, mapipa mawili, ingawa angeweza kumlipa mtu. Nilimsindikiza huko mara moja. Mama yake, mwanamke mdogo wa umbo mwenye kitambaa kichwani, alimuuliza mbele yangu, kwa Kiswahili ili mgeni asiachwe nje, "Na hizo kompyuta zako, zinafanya nini hasa?"

Nikangoja neno lake la dunia kutufuata. Mtaalamu akaweka ndoo chini.

"Bado hazifanyi kitu, maitu," akamwambia, akimwita mama kwa lugha yao.

Wakati ule niliona ni unyenyekevu wa mwana mbele ya mzazi. Nikampenda kwa muda wa siku moja au mbili.

Watu wa ng'ambo walikuwa na sharti: kila mwisho uwe na seva mbili, na zisikae mahali pamoja, ili moja ikifa nyingine ijibu. Ya kwanza ilikuwa Ruiru. Ya pili alitaka kuiweka kwetu, kwa kuwa madrasa ilikuwa na laini ya simu, chumba chenye mlango wa chuma, na kompyuta ambayo mfanyabiashara mmoja wa mjini alituachia alipohama. Kamati ilikumbuka kipaza sauti, ikakubali. Mimi nikapewa ufunguo, kwa sababu kiwanda kiliwahi kunipeleka kozi ya kompyuta kabla ya kunistaafisha.

Kuiweka kulichukua siku nne. Siku mbili kati ya hizo zilikwisha kwa Mtaalamu kuzungumza juu ya siku nyingine mbili. Hakuruhusu mtu aguse kibodi. Nilikuwa nikiandika kila hatua katika daftari, naye akacheka.

"Mzee unaandika nini? Mimi niko."

"Nawe usipokuwepo?"

"Nitaenda wapi?"

Kazi ya seva ya pili ni ndogo na ya heshima. Haiandiki kitu chake. Inanakili kutoka kwa ya kwanza, neno kwa neno, na ikiulizwa inajibu kama ilivyonakili. Ili ijue kama kuna jipya inatazama namba moja tu iliyo juu ya orodha, namba ya toleo. Namba ya Ruiru ikiwa kubwa kuliko ya Thika, Thika inanakili upya. Zikiwa sawa, Thika inatulia, inajua hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo anayeongeza jina kule Ruiru lazima apandishe na namba. Tarakimu moja.

Mtaalamu hakupandisha. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri nilifungua chumba, nikaunganisha simu, nikatazama namba, nikakuta ni ile ile. Nikawa nampigia.

"Umeongeza majina wiki hii?"

"Matatu, ya mashine zangu."

"Na namba?"

"Ah, mzee. Hiyo ni kazi ya karani."

Nilikuwa karani miaka ishirini na sita. Kwenye stoo yetu bunda la uzi halikutoka bila kuandikwa, na halikuandikwa bila kutoka. Na kabla ya stoo nilifundishwa na masheikh ambao habari yoyote waliipima kwanza kwa aliyeipokea: ni nani, aliisikia kwa nani, kumbukumbu yake ikoje, amewahi kusema uongo hata kwa ng'ombe wake. Mpokezi wa pili hakuwa mtu mdogo kwao. Bila yeye habari inakufa na wa kwanza. Mtaalamu aliiita mashine ya Thika "boi". "Boi ameamka?" alikuwa akiniuliza kwenye simu, na nilijua kwamba boi hakuwa mashine peke yake. Nikamjibu kwa upole kila mara. Moyoni nilimwona kama mtu anayejenga msikiti wa minara minne na kusahau mahali pa kutawadhia.

Sasa nifike kwa Rukia, kwa sababu bila yeye Mtaalamu angebaki kuwa kichekesho tu, na vichekesho siviandikii karatasi.

Rukia alifundisha watoto wadogo katika madrasa yetu asubuhi, na mchana shule ya chekechea. Baba yake alikuwa mpakiaji mizigo, amefariki. Mama yake alishona. Alikuwa na miaka ishirini na tatu na sauti ambayo watoto arobaini waliinyamazia bila fimbo. Chuo kimoja cha ualimu ng'ambo kilitangaza nafasi ya mwaka mmoja, karo na nauli juu yao, kwa walimu wa watoto wadogo. Rukia aliomba. Fomu ilisema majibu yatatumwa kwa barua pepe peke yake, na atakayeitwa awe amethibitisha ndani ya wiki mbili, la sivyo nafasi itapewa mwingine. Hakuwa na barua pepe. Nikampeleka Ruiru mwenyewe.

Mtaalamu alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alimfungulia anwani papo hapo: jina lake, la madrasa, halafu nukta bara.

"Mwalimu, wewe ndiwe wa kwanza," alimwambia. "Watu watauliza, huyu ametoka wapi na anwani ya nguvu hivi?"

"Lakini itafika?" Rukia akauliza. "Kaka, hii ndiyo nafasi yangu. Sina nyingine."

"Tujaribu."

Akamketisha kwenye mashine moja, yeye akakaa kwenye nyingine, hatua tatu kando, akamwandikia: Karibu dunia mpya. Barua ikafika kabla hajamaliza kugeuza kiti. Waliokuwa kwenye kreti wakapiga makofi. Rukia akacheka kwa kitambaa mdomoni. Mimi pia nilipiga makofi, namwomba Mungu msamaha. Akaiandika anwani ile kwenye fomu kwa herufi kubwa, nasi tukaiposti siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilitaka kumtumia salamu ya dua kutoka Thika, ili aikute atakapokwenda Ruiru kutazama. Mashine yangu ikanijibu kwamba jina hilo halijulikani. Nikatazama namba ya toleo: ile ile. Mtaalamu alikuwa ameongeza jina bila kupandisha namba. Nikampigia, akanung'unika, akapandisha, nikanakili, salamu ikaenda. Kwake yalikwisha hapo.

Kwangu hayakuisha. Nililala nikifikiri: ikiwa Thika haikujua, nayo ndiyo msaidizi aliyeapishwa, ng'ambo inajua nini? Alhamisi nikapanda gari hadi Kahawa Wendani, kwa binti wa jirani yangu aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, na ambaye aliruhusiwa kutumia kompyuta za idara yao. Aliandika anwani ile, akasubiri, akaandika tena.

"Maalim, hapa hakuna kitu."

"Labda namba haijapandishwa."

"Si jina. Mwisho wenyewe haupo. Bara gani? Dunia haina hii." Akanitazama asijue kama anivunje moyo. "Hiyo ni kama lile jina mnaloitana nyumbani. Mama anakuita Kibonge, mnaelewana. Sasa uandike Kibonge kwa bahasha upeleke posta."

Nikamwelewa kabisa. Anwani ya Rukia ilijulikana na mashine zilizouliza seva ya Ruiru au ya Thika, na za wale marafiki wachache wa ng'ambo. Chuo hakikuwa miongoni mwao. Tulipopiga makofi tulikuwa watu wa nyumba moja tunaitana.

Kutoka Kahawa Wendani nilishukia Ruiru. Siku hiyo sikukaa kwenye kreti.

"Hii anwani haifiki nje," nikamwambia.

Akagonga meno. "Kwa sasa."

"Yule binti amewapa watu anwani isiyokuwepo."

"Iko, mzee. Wao ndio hawajaweka seva zetu. Nishawaandikia wenzangu kule, kuna mtu anaongea na watu wakubwa. Nipe wiki mbili." Kisha akashusha sauti, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniomba kitu. "Usimwambie bado. Atashtuka bure. Na mimi utaniaibisha mji mzima."

Majibu ya chuo yalikuwa hayajatumwa. Palikuwa na wakati wa Rukia kuandika barua ya kawaida, au kupiga simu kutoka posta, kubadilisha anwani. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale. Lakini nimefundishwa tangu utoto kumsitiri mtu, na nimefundishwa kusubiri, na mambo haya mawili yakishikana mikono mtu anaweza kujiona mwema akiwa amekaa tu. Nikampa wiki mbili. Wiki mbili zikawa tano. Kila Jumatatu Rukia alinipita uani na kunisalimu, "Shikamoo Maalim, bado kimya," nami nikamjibu, "Marahaba, subira, binti yangu."

Wiki ya sita alikusanya sarafu, akaenda kwenye simu ya posta, akapiga chuoni. Mwanamke mmoja alimweleza kwa adabu kwamba alikuwa amechaguliwa. Walimwandikia mara tatu. Mara zote barua ilirudi. Nafasi ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine siku nne kabla.

Hakulia mbele yetu. Aliendelea hadi mwisho wa muhula, kisha akapata kazi Ngoliba, kule chini kwenye joto, shule ya vyumba viwili. Mtaalamu hakuja kumwona. Alinitumia ujumbe kwa mtu mwingine kwamba wale wa chuo hawakuwa wameendelea kiteknolojia. Nilipousikia nilichomoa waya wa simu wa seva ya pili, nikairudishia kamati ufunguo, na kwa muda mrefu nikawa namtaja yule mtu kwa namna ambayo mwalimu wa dini hapaswi kumtajia mtu. Hata Mtaalamu sikumwita. Nilisema "yule wa bisibisi", na watu wakacheka, nami nikafurahi wakicheka.

Miaka miwili ikapita. Shule ya Rukia ikapewa kompyuta tatu za zamani, hazikuwaka, na hakumjua fundi mwingine. Akanipitia Thika. "Maalim, twende kwa Mtaalamu," akasema. Nilimwambia kuna mafundi wengine. "Yule alitengeneza kipaza sauti bure," akasema. "Shule haina kitu."

Ofisi ilikuwa ile ile juu ya dawa ya kupe, ila mlango umepakwa rangi upya, na sasa alikuwa akitoa nakala za vyeti na kuvifunika kwa plastiki. Kadi zake zilikuwa mezani. Anwani iliyo juu yazo iliishia kwa mwisho ule wa kawaida wa watu wote. Alikuwa amenenepa. Wateja wanne walikuwa kwenye foleni. Alipomwona Rukia akasimama, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu.

"Huyu mwalimu mnamwona?" akawaambia wateja. "Huyu ndiye mtu wa kwanza hii nchi kuwa na anwani yetu wenyewe. Historia hiyo."

Wateja wakamtazama Rukia kwa heshima. Yeye aliweka chini mfuko wenye nyaya za zile kompyuta tulizoziacha chini ya ngazi.

"Kaka, sikuja kugombana," akasema. "Nitakuuliza kitu kimoja, halafu utanitazamia mashine za watoto. Ulijua lini kwamba haitafika?"

Niliona mkono ukienda mfukoni kutafuta bisibisi. Haukuitoa. Nilikuwa tayari kwa uongo wake; nilikuwa nimeungojea miaka miwili, na nilikuwa na maneno ya kuujibu.

"Kabla hujajaza fomu," akasema.

Mashine ya nakala ikaendelea kutoa karatasi, hakuna aliyezichukua.

"Nilidhani itakuwa imefunguka mpaka wakati huo," akaongeza. "Niliwaamini wale watu. Lakini nilijua."

Rukia akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimwa akaambiwa ugonjwa ambao alikwisha kuuhisi. Halafu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa akimalizia swali tu, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka pale siku ile.

"Na wewe, Maalim? Uliposikia nimekosa, ndipo ulipojua?"

Neno la kusema lilikuwepo, fupi, nalo lingenisitiri mpaka kaburini. Mtaalamu alinitazama. Wallahi naamini angelinyamazia, kama nilivyomnyamazia yeye.

"Alhamisi moja," nikasema. "Wiki tano kabla hujapiga simu. Nilitoka Kahawa Wendani, nikaja hapa, nikakubaliana naye tusikwambie."

Alikaa kwenye kreti. Alitazama sakafu, kisha viatu vyangu, hakufika usoni.

"Huyu sikumjua," akasema. "Kwake nilikuja kutazama barua tu. Wewe nilikuamkia kila Jumatatu."

Mtaalamu alizitengeneza zile kompyuta tatu kwa siku mbili, akazipeleka Ngoliba kwa gari la kukodi, hakutaka kitu. Watoto walizitumia miaka. Mimi sikualikwa kuziona, wala sikustahili. Rukia yuko hai, ni mwalimu mkuu sasa, na tukikutana ananiamkia kama mtoto wa watu anavyomwamkia mzee yeyote wa barabarani.

Namdharau Mtaalamu hadi leo kwa majivuno yake, kwa "dunia itatufuata", kwa mashuka ya mama wa watu. Lakini siku alipoulizwa alijibu mara moja, na mimi, niliyekuwa nimesimama pale nikijua, ilibidi niulizwe kwa jina.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie jirani atakayekuletea habari mbaya ingali mapema, kabla siku zako za kuitengeneza hazijaisha. Na siku utakapokuwa wewe ndiwe jirani huyo, akufungue ulimi, akuondolee haya isiyo na faida, na akupokee kwa rehema pale ulipochelewa. Amina.